Hicho ni kichwa cha nani? Kuhusu pete za silva za fuvu

Umeuliza mambo mawili, kama hiyo pete ya fuvu uliyonunua ni silva kweli, na kama mama yako ana haki kusema umemletea shetani kwa nyumba. Mimi nimevaa moja miaka tisa hivi hapa Nairobi, kazini, kwa mathree, hata kanisani mara kadhaa, so wacha niseme yangu.

Pete yangu ya kwanza kabisa niliuziwa hapo tao na kijana aliyezitandaza kwa kitambaa cheusi, akaapa ni silva orijino, nikatoa 1,500 bila hata kubishana. Wiki mbili tu kidole kikageuka kijani, kumbe ni shaba imepakwa juu. Silva ya pete huwa na mhuri wa 925 kwa ndani, yaani kwa kila sehemu 1,000 hizo 925 ni silva na zinazobaki mara nyingi ni shaba, kwa sababu silva tupu ni laini mno, ingepinda ukining'inia kwa chuma cha matatu. Lakini mhuri mtu yeyote anaweza kugonga. Sumaku nayo ikinasa ujue umeibiwa, isiponasa bado hujajua kitu, shaba pia hainasi. Na ukiambiwa ni "German silver" jipe shughuli, hiyo ni shaba, nikeli na zinki, silva hamna hata chembe. Peleka kwa sonara, dakika tano atakwambia.

Pete ya pili nilitengenezewa na sonara wa Ngara, mzee miwani imefungwa kamba. Alipomaliza kuchonga nikaona mbona hili fuvu halina sura, linang'aa tu kama kijiko. Akacheka, akalitumbukiza kwa maji fulani ya salfa yananuka kama yai viza, pete yote ikawa nyeusi tititi. Halafu akaanza kuisugua polepole, juu kukarudi kung'aa, ule weusi ukabaki ndani ya macho na katikati ya meno na ghafla kitu kikaanza kunitazama. Ndio maana nawaambia watu msisugue hizi pete na dawa ya meno, inakwaruza silva na kutoa weusi, unabaki na fuvu limetoa macho meupe.

Sasa ya mama. Usimcheke. Kizazi chao kiliishi ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa devil worship, mpaka 1994 Rais Moi akaunda tume nzima kuchunguza ibada ya shetani, Askofu Mkuu Nicodemus Kirima akiwa mwenyekiti. Mtu aliyesikia hayo redioni kila siku ukimletea fuvu mezani unataka afikirie nini.

Lakini mtu aliyenitoa tongotongo si mama yangu, ni shosho mmoja huko Murang'a, mdogo wake guka, yaani babu yangu. Tulikuwa tunamzika guka, mimi kwa upumbavu wangu sikuvua pete, nikapanga laini ya kusalimia wazee. Shosho akashika mkono, akahisi kitu, akaugeuza juu akakisogeza karibu na jicho lake zima. Nikangoja kelele za shetani. Akauliza tu, "Hiki ni kichwa cha nani?" Nikasema si cha mtu, shosho, ni urembo. Akaniangalia vile unaangalia mtoto amesema uongo mbaya, akasema kichwa hakikosi mwenyewe, akaniachilia mkono.

Hilo swali lilinikaa. Kwa sababu ukifikiria, huku kwetu fuvu si picha, ni la mtu fulani, tena mara nyingi la mtu aliyechukuliwa. Chifu Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi 1898 asishikwe na Wajerumani, na kichwa kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa kumaliza vita kuu, una kifungu cha 246 kinachowaambia Wajerumani wakabidhi fuvu lake. Likarudi 1954, liko Kalenga karibu na Iringa. Na Wanandi mpaka leo wanadai kichwa cha kiongozi wao Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Waingereza 1905. Kwa hivyo shosho hakuwa anauliza ushamba.

Kilichonishangaza ni kwamba hata zilikotoka hizi pete za fuvu, swali ni lile lile. Uingereza ya miaka ya 1600 ulikuwa ukienda mazishi ya tajiri unapewa pete, nyingine zina fuvu, ndani zimechorwa herufi za jina la marehemu na tarehe aliyokufa. Shakespeare mwenyewe kwa wosia wake wa 1616 aliwaachia waigizaji wenzake watatu pesa za kununua pete. Mexico wakati wa Siku ya Wafu wanatengeneza mafuvu ya sukari na usoni wanaandika jina, wakati mwingine la mtu hai, unapewa fuvu lako unalitafuna ukicheka. Hawa wa pikipiki na wa roki wao wanavaa cha kwao wenyewe, eti kifo nakujua. Keith Richards wa Rolling Stones amevaa lake la silva tangu miaka ya 70.

Kuna moja tu nisingeweka kidoleni hata nikilipwa, lile fuvu la SS, kikosi cha Hitler, linaitwa Totenkopf, mkuu wao Himmler alikuwa akiwagawia watu wake kama pete ya silva. Hizo nakala ziko mtandaoni na wauzaji hawasemi ni nini, angalia kama ina alama zinazofanana na radi na majani ya mwaloni pembeni.

Mimi nilirudi Ngara baadaye, mzee akanichorea herufi za guka kwa ndani, akalipisha 500. Kwa matanga siku hizi naivua. Na wewe ukienda kutengenezewa usipimwe kidole asubuhi na baridi ya Julai, enda mchana kumechemka, ya kwangu ilibana nikatolewa kwa sabuni huku mzee anacheka.