Kupanda Kilele cha Jane, Gombe, na kurudi siku hiyohiyo

Ndugu, umeuliza kama watu kumi kutoka Kigoma mjini wanaweza kupanda Kilele cha Jane, mlimani katika Hifadhi ya Taifa ya Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, na kurudi jioni, na mmoja ana mafua. Inawezekana, ila kodini boti yenu. Gombe haina barabara, na boti za abiria za Kibirizi, gati lililo jirani na mji wa Kigoma, huondoka mchana, kuchelewa mno kwa safari ya siku moja. Ninyi ondokeni alfajiri, kila mtu na jaketi okozi.

Hapo kileleni ndipo mtafiti Mwingereza Jane Goodall alipokaa na darubini kuanzia 1960 kuwachunguza sokwe. Njia ni mkwezo mkali: maji lita mbili kila mtu, viatu vyenye meno, na mwongozaji ni lazima. Mwenye pumu au presha amwone daktari kwanza.

Mwenye mafua abaki, tafadhali. Sokwe huambukizwa magonjwa yetu na hufa.