Trela ya kujishusha mzigo: tipa au sakafu inayosogea?

SWALI: Bwana Mhariri, nina kichwa kimoja cha lori na ninatafuta trela. Siku nyingi ninabeba ngano ya kichele (isiyotiwa magunia) kutoka bandari ya Kilindini hadi ghala la paa la chini huko Shimanzi, na mara chache kokoto kutoka machimbo ya Kilifi. Wenzangu wote wana tipa. Je, nami ninunue tipa? – Msomaji, Changamwe

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya kuuliza bei, tazama mahali mzigo unapomwagwa. Bodi la tipa likiinuliwa lote hugonga paa la ghala kama hilo, kwa hiyo utalazimika kumwaga uani na kuwalipa vibarua waingize ngano ndani, nayo mvua ya masika haiwasubiri.

Trela ya sakafu inayosogea haiinui bodi hata kidogo. Sakafu yake ni vibao virefu vya alumini vilivyolazwa kutoka mbele hadi nyuma na kugawanywa katika makundi matatu yanayosukumwa kwa haidroliki. Vyote vikienda nyuma kwa pamoja huuchukua mzigo. Kisha kila kundi hurudi mbele kwa zamu yake, na mzigo haurudi nalo kwa sababu makundi mawili yaliyotulia yanaushikilia. Ni kazi ya dakika 10 hadi 20 hivi, ilhali tipa humaliza kwa dakika chache. Mtambo huo pia una uzito wake, na ukipata safari za bara utauhesabu kwenye mizani ya Mariakani, kwa kuwa hata lori la ekseli 7 haliruhusiwi kuzidi tani 56 pamoja na mzigo.

Jambo linalonitia hofu zaidi kwa tipa ni kupinduka. Gurudumu la upande mmoja likizama kidogo, au shehena yenye unyevu ikiganda juu wakati bodi limeinuliwa, uzito huhamia pembeni na trela huanguka, hasa upepo wa kusi ukiisukuma ubavuni. Nyaya za umeme nazo, zikiguswa na bodi lililoinuliwa, zimewaua madereva wengi duniani.

Kokoto, hata hivyo, hukwaruza na kula vibao vya alumini upesi. Kwa kuwa ngano ndiyo riziki yako ya siku nyingi, mimi ningenunua trela ya sakafu inayosogea, na siku ya kokoto ningekodi tipa pamoja na dereva aliyeizoea.