Taulo katika sakafu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninajifunza kuongoza watalii, nakaa Majengo, Moshi. Mgeni wangu aliniomba Kiswahili cha vijineno vitatu vya Kiingereza, "in", "on" na "at". Nikamwambia vyote ni "katika". Mwenzangu anasema ni "kwenye". Nani kapatia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyepatia, na afadhali umeuliza kabla hujapata mgeni wa pili. Vijineno hivyo ni vya siku nyingi. Miaka elfu moja iliyopita "on" ya Waingereza ilibeba pia kazi nyingi ambazo leo ni za "in", na hata sasa hawajamaliza kugawana: abiria wa teksi wanamwekea "in", wa basi wanamwekea "on", na wote wawili wamekaa vitini.

Sisi mahali tunapaweka ndani ya jina lenyewe. Meza, mezani. Mlima, mlimani. Ukishatia -ni, kazi iliyobaki inafanywa na pa (mahali panapojulikana), ku (mahali pasipo dhahiri) na mu (ndani). Mama wa mpagazi akiulizwa mwanawe alipo hujibu, "Yuko mlimani," maana hajui kama kafika kambi ya Shira au ya Barafu. Mpagazi mwenzake aliye hukohuko anasema, "Yupo Barafu." Aliyechungulia anasema, "Yumo hemani." Yuko, yupo, yumo: mtu ni yuleyule, na kila msemaji ameshatuambia anajua kiasi gani. "Katika" yako ingeyafuta yote hayo.

Na hapa ndipo ninapokereka, tena miaka mingi sasa. Nililala katika nyumba moja ya wageni Arusha. Bafuni wamebandika karatasi: "Usiweke taulo katika sakafu." Niliisoma nikiwa peku, nikaisoma tena. "Katika" inatokana na kati. Kuweka taulo katika sakafu kunahitaji tindo na nyundo: uvunje saruji, ulaze taulo, ufukie. Mwandishi alitaka kusema "sakafuni", neno moja ambalo kila mtoto wa miaka mitatu analo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye Kiingereza, akaona "on" imesimama peke yake mbele ya sakafu, akadhani lazima naye asimamishe kitu hapo. Nilipotoka, dada aliyekuwa akipiga deki korido akaniambia, "Pole pole baba, sakafuni kuna maji." Sakafuni! Kiswahili kilikuwapo nyumba hiyohiyo, hatua tatu kutoka ile karatasi, na hakuna aliyemwita dada huyo asome tangazo kabla halijabandikwa.

Ugonjwa huu huja kwa kalamu. Panda daladala yoyote Arusha umsikilize konda: "Sanawari kuna mtu?" Hasemi "katika Sanawari", kwa sababu jina la mji au mtaa halihitaji chochote mbele yake. Ninakaa Arusha, ninakwenda Tengeru, basi. Lakini mtu huyohuyo mpe fomu ya kuombea kazi, utaona: "Nilizaliwa katika Moshi." Kwenye karatasi herufi kubwa inamwokoa. Akiyasoma kwa sauti mbele ya wanaomsaili, mimi ningeuliza ni nani aliyemtoa motoni.

Siku hizi imeingia na "kwa", imevuka Namanga pamoja na mizigo. "Niko kwa gari." "Weka kwa meza." Wenzetu wa Nairobi wameshaizoea na siwagombezi, hiyo ni nyumba yao. Ila sisi tunajua "kwa" ya mahali ni ya mtu na makazi yake. Ndiyo maana Arusha kuna Kwa Mrombo, na ukishuka kuelekea Moshi unapita Kwa Sadala. Ukiniambia niende kwa meza, nitabisha hodi na kungoja meza inikaribishe.

Sisemi "katika" itupwe. Ina kazi yake, na kazi hiyo ni nzuri: katika maisha, katika karne hii, katika mazungumzo yetu. "Kwenye" nayo haina kosa. Ni -enye ileile ya "Penye miti hapana wajenzi", na inafaa sana jina linapokuwa na jina jingine nyuma yake, kama kwenye Mlima Kilimanjaro. Wazee wetu walijua kuchagua. Walisema "Kikulacho ki nguoni mwako", na hiyo "mwako" inakuonyesha mdudu yuko ndani, anakutafuna. Jaribu "kikulacho kiko katika nguo yako" uone kama bado unajikuna.

Kwa hiyo mgeni wako usimpe orodha ya maneno matatu. Chukua kikombe cha chai, kiweke mbele yake: "Kipo mezani." Tia kijiko: "Kimo kikombeni." Ile "at" mwekee asubuhi ya safari, umwambie mtakutana saa mbili, getini, Machame.