Maswali ya Wasomaji: Glezi Iliyokataa Kuwa Kijani

SWALI: Kanuni ya glezi ya kijani (ngozi ya kioo inayopakwa juu ya chombo cha udongo) ilitaka kaboneti ya shaba asilimia 5. Nilikuwa na oksidi ya shaba, nikatia 5 vilevile. Bakuli limetoka jeusi lenye mng'ao kama wa chuma. Nimekosea wapi?

JIBU: Umekosea kwenye mizani. Kaboneti hubeba gesi na maji ambavyo motoni hutoka, hivyo gramu 100 huacha oksidi kama gramu 70 tu. Ulipaswa kutia 3.5. Kioo kilichoyeyuka huimeza shaba hadi kikashiba. Inayobaki hujitokeza juu kama ngozi nyeusi.

Bakuli hilo usilitumie kwa chakula, kwa kuwa ndimu na siki huivuta shaba iliyozidi. Laza kipande cha ndimu juu yake usiku kucha: rangi ikibadilika, jibu umelipata. Isipobadilika bado si cheti cha usalama. Hilo ni la maabara. Sisi tungeiweka shaba upande wa nje wa chombo, hata ikiwa kwa kipimo sahihi.

Kumbuka asilimia ya rangi huhesabiwa juu ya 100 ya glezi kavu, haimo ndani yake. Mfano ni glezi ya nyuzi 1280 hivi: feldspa (madini ya mwamba yaliyosagwa) 40, silika 30, chokaa mbichi (isiyochomwa) iliyosagwa 20, kaolini (udongo mweupe) 10, kisha oksidi 3.5 juu. Silika ndiyo kioo chenyewe, feldspa na chokaa huiyeyusha, alumina (oksidi ya alumini) iliyo katika kaolini na feldspa huizuia isichuruzike. Na tanuri lisikose hewa, maana shaba ikinyimwa oksijeni hugeuka nyekundu, mara nyingi ile ya rangi ya maini.

SWALI: Kikombe changu cheupe kimepata doa la waridi. Sikutia rangi yoyote.

JIBU: Bila shaka kilikaa jirani na chombo chenye kromu, na weupe wake ni wa oksidi ya bati. Kromu huruka kama mvuke, ikikutana na bati huzaa waridi. Vitenganishe, au weupe uupate kwa zirkoni (madini mengine yanayotia weupe), asilimia 10 hivi.

SWALI: Bluu yangu ya kobalti ina vidoadoa.

JIBU: Chembe hazikusagika. Saga kobalti na maji kidogo kwenye kinu, uchuje kwa chujio la namba 100 (matundu 100 kwa inchi). Nusu asilimia yatosha. Vaa barakoa unapopima unga.