Muulize Mwalimu: "Kijana kaniambia Alhamdu yangu mbovu"

*Mwalimu, assalaamu alaykum. Mimi ni fundi baiskeli hapa Makorora, Tanga, umri miaka 54. Chuo nilisoma Pangani utotoni, nikahitimu msahafu kabla sijaingia darasa la sita. Imamu wetu akisafiri, huwa mimi naswalisha. Mwezi uliopita kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni alinivuta kando baada ya magharibi, akaniambia Alhamdu yangu, ile sura ya kwanza ya Qur'ani, mbovu, nasoma Kiswahili, na walioswali nyuma yangu wairudie swala yao. Tangu siku ile sisogei mbele, na hata nyumbani msahafu nimeufunga. Kuanza upya naona haya. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nimeshakuwa ng'onda. Nifanyeje?*
*Fundi, Makorora*

Waalaykumu ssalaam, mdogo wangu. Msahafu ufungue leo hii, kabla hujamaliza kunisoma. Kwani ng'onda hapikwi? Hulowekwa usiku kucha, asubuhi analainika. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Bi Aisha waliyoipokea Bukhari na Muslim, amesema anayeisoma Qur'ani huku akikwamakwama, nayo ikimwia ngumu, ana ujira mara mbili. Wewe umekwama, basi ukaamua kukosa hata ule mmoja!

Huyo kijana ana nusu ya haki. Makosa huenda unayo, wengi wetu tunayo. Lakini hukumu ya kuwarudishia watu swala zao haitolewi mlangoni, viatu mkononi. Hilo nitalirudia, ngoja kwanza tuufungue mdomo wako.

Sema kwa sauti, hapo hapo dukani: *habari, haki, hewa*. Umesikia h ngapi? Moja. Maneno yote matatu yametoka Uarabuni, na kila moja lilikuja na herufi yake. Habari ilikuja na khaa, haki na ile haa kavu ya katikati ya koo, hewa na hee nyepesi ya kifuani. Sasa sema *dhahabu, dhaifu, dhuluma*. Dhali, dhwadi, dhwaa, herufi tatu mbalimbali, na sisi tumezipikia chungu kimoja. *Kalamu* ilikuwa na qafu, *kitabu* kina kafu. *Sahani* na *saa* hazikuwa na s moja. Na aini ndiyo tuliyoitupa baharini kabisa: elimu, akili, Omari, zote zilianza nayo.

Ndiyo sababu nasema mtu wa pwani ana ugumu wa peke yake. Mgeni wa mbali akiikuta *Ar-Rahmaan* anajua neno si lake, anakaa macho. Sisi tunaiona rehema yetu ya kila siku, tunaipitia kwa h ya hewa. Miaka 30 nafundisha hapa Ngamiani, na watoto wanaonisumbua sana si wale wasiojua kitu. Ni wale wanaodhani wanajua tayari. (Tusijidharau lakini. Th ya thelathini, dh ya dhahabu na gh ya ghali tunazo tangu kuzaliwa. Waturuki na Waajemi hutaabika nazo, ya kwanza ikawa s na ya pili ikawa z.)

Lipo kosa jingine, na hili nalikiri mwenyewe. Tazama tunavyoandika: *swala, twahara, swadi*. Hiyo w tumeiweka kama alama tu, kwamba herufi ni nzito. Mimi niliisoma kama w ya kweli miaka 20. *Swiraatwa*, midomo nimeichongoa kama napuliza jiko la mkaa. Siku moja bibi mmoja wa Kipemba aliyekuja kutusikiliza aliniomba kioo. Nikamletea cha kabatini. Akasema, "Soma, huku unaitazama midomo yako." Nikasoma. Akauliza, "Hiyo wau unayoisoma iko wapi kwenye msahafu?" Wallahi nilitafuta. Haipo! Uzito wa swadi na twaa unatoka nyuma, shina la ulimi linainuka kuelekea paa la kinywa. Midomo haina kazi hapo. Mhariri wangu ataendelea kuchapa sw kwa kuwa hana herufi nyingine, wewe lakini usimfuate kinywani.

Basi tuanze na zinazogeuza maana, hayo mengine yana siku yake. Wanazuoni wa tajwidi, elimu ya kuisoma Qur'ani kwa matamshi yake, huligawa kosa mafungu mawili: la wazi, la kubadili herufi au irabu, na la kufichika, kama kupunguza ghuna, ile sauti ya puani, au kukosea kiasi cha kuvuta. Wewe shughulika na la wazi.

Qafu. *Qul* ni "sema". *Kul* ni "kula". Ukisimama mbele ya watu ukaanza *Kul huwa*, umewakaribisha mezani. Na *qalb* ni moyo, *kalb* ni mbwa, hapo sina haja ya kukueleza zaidi. Kafu inagonga mahali k ya kaka inapogonga. Qafu irudishe nyuma zaidi, shina la ulimi liguse jirani na kidakatonge. Ukiipata, sauti inakuwa nene bila ya wewe kuilazimisha.

Haa ya *Alhamdu*. Kula pilipili mbuzi nzima, kisha sikiliza pumzi unayoitoa. Ndiyo hiyo. Aini iko mahali pale pale, ila inatoka na sauti. Kwa hiyo wanafunzi wangu nawapa haa kwanza, aini hufuata kama mdogo mtu.

Dhwadi ya *waladh-dhaalliin*, neno la kufungia Alhamdu, iache mwisho, usikate tamaa nayo. Inatoka ubavuni mwa ulimi, ukigusa magego ya juu. Wengi wanaibandika kwenye ncha ya ulimi, ikawa dhwaa au dhali. Hata Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, ameandika katika tafsiri yake kwamba kauli sahihi ya wanazuoni ni kusamehewa mtu asiyezitenga vyema dhwadi na dhwaa, kwa kuwa mahali zinapotokea kinywani pamekaribiana. Na Ibn Kathir ni wa madhehebu yetu ya Shafi. Mkumbushe kijana.

Kisha mazoea yetu ya kutotaka neno liishie bila irabu. Tunasema kitabu, tunasema kalamu, basi na *ahad* tunaipa mkia ikawa *ahadi*. Shika Surat Al-Falaq, ina aya tano, na kila aya inaishia kwa herufi ya kalkala: *falaq, khalaq, waqab, uqad, hasad*. Kalkala ni mdundo tu. Wewe fundi, unaujua mlio wa pampu inapochomolewa ghafla kwenye valvu ya tairi. Pap, kwisha. Haisemi "papa".

Sasa suala la swala. Katika fiqhi ya Shafi Alhamdu ni nguzo, na herufi zake na shada zake 14 (alama za kuikaza herufi), Bismillahi ikiwemo, zinahesabiwa. Asiyeweza baada ya kujitahidi, swala yake mwenyewe ni sahihi, na anaweza kumswalisha aliye kama yeye. Anayeweza kujifunza akapuuza, huyo ana kesi. Na asiyeweza haitakiwi amswalishe anayeweza. Ya swala zilizopita mpelekee imamu wako mwenyewe, akusikilize wewe ukisoma, kisha aseme. Mimi sijakusikia, na hukumu ya kinywa nisichokisikia sitoi. Kwa sasa kaa safu ya mbele, mwachie mwingine.

Tafuta mtu wa kukaa mbele yake. Si lazima awe mkubwa kwako. Kama yule kijana matamshi yake ni safi kweli, mwendee yeye! Najua ni chungu. Mwambie, "Umenivunja, sasa nijenge," robo saa kila siku baada ya alfajiri, kabla hujafungua duka. Herufi moja kwa wiki, msizidishe. Usiku jirekodi kwenye simu, usikilize, utachukia sauti yako, ni kawaida. Kisha msikilize Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyerekodi msahafu mzima mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nampendelea yeye kwa kuwa hana haraka wala madoido, kila herufi unaiona inavyotoka. Vijana wanapenda wasomaji wa kulia na kupandisha sauti. Hao ni wa kusikiliza ukiwa umeshajua.

*Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka minane. Nimempakulia programu ya simu, anasoma, ikisikia sawa inaweka alama ya kijani. Amepata kijani nyingi. Je, bado nimpeleke chuoni?*
*Mama wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Mpeleke. Programu ni nzuri kwa kuhifadhi, aya akiiruka itamwambia. Lakini haiuoni ulimi. Nilimpokea mtoto wa kijani nyingi kama wako, *Alhamdu* yake yote ya hewa, simu imempitisha. Nilimjua kwa kumtazama shingo tu, koo halikujikaza hata kidogo. Kijani abaki nayo nyumbani, jioni aje chuoni.

*Mwalimu, mimi kila nikifika "waladh-dhaalliin" pumzi inakatika. Nina ugonjwa?*
*Mzee wa Mabawa*

Huna, kaka yangu. Unaianza aya ya mwisho na pumzi ya kuazima. Ni aya ndefu kuliko zote za Alhamdu, na ule mvuto wa mwishoni ni harakati sita, yaani vipimo sita vya irabu fupi, huwezi kuupunja. Simama kwenye *mustaqiim*, jaza kifua, kisha ingia *swiraatwalladhiina*. Ikikatika hata hivyo, simama kwenye *alayhim* ya kwanza, vuta pumzi, kisha endelea. Na hiyo *swiraatwa*, Mzee, umeshasikia niliyomwambia Fundi kuhusu midomo.