Silinda ya zamani usiitupe haraka: ninavyochagua spea za chenso

Chenso, yaani msumeno wa injini, ikifa pistoni, wengi wetu hukimbilia kutafuta spea. Nami nilifanya hivyohivyo. Nilinunua seti nzima ya bei rahisi, silinda na pistoni yake, nikafunga jioni moja, na chenso ikawaka vizuri kabisa. Siku ya tano ilizima katikati ya gogo. Nilipoifungua nilikuta pistoni mpya imechubuka palepale ilipochubuka ile ya kwanza, upande wa ekzosi.

Mpira unaounganisha kabureta na silinda ulikuwa na ufa, mdogo kiasi kwamba hauonekani mpaka uukunje kwa vidole. Hewa ilipenya hapo na petroli ikawa haitoshi. Kwenye injini ya mipigo miwili oili husafiri ndani ya petroli, kwa hiyo petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Joto hupanda, pistoni hutanuka na kuanza kujisugua kwenye silinda.

Tangu hapo siagizi chochote kabla sijaisoma pistoni iliyokufa. Ikiungua upande wa ekzosi, nashuku hewa inayovuja au kabureta iliyobanwa mno ikatoa petroli kidogo. Ikichubuka pande zote, naanza kuuliza juu ya mchanganyiko wa oili. Ikilika upande wa kuingizia, vumbi limepita kwenye chujio. Na pesa ya kwanza naitoa kwa vitu vya mpira: sili mbili za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), mpira wa kabureta, mrija wa petroli. Ni vidogo, lakini ndivyo vinavyoua pistoni.

Sasa silinda, na hapa ndipo watu wanapopoteza zaidi. Silinda ya chenso nyingi ni ya aluminiamu, na ndani ina tabaka jembamba na gumu sana la Nikasil au kromu. Mara nyingi ile unayodhani ni mikwaruzo ni aluminiamu ya pistoni iliyogandia juu ya tabaka hilo, na chini yake silinda ni nzima. Mimi huigusisha asidi ya haidrokloriki kwa kijiti chenye pamba, nje penye upepo, nimevaa glavu na miwani. Ikikuta aluminiamu hutoa mapovu. Yakikoma, nafuta, nasuuza kwa maji mengi, kisha napitisha ukucha kuhisi kama kuna mkwaruzo wa kweli. Asidi isiguse matundu ya kupitishia hewa wala mahali ambapo tabaka limebanduka, kwa sababu hapo itaila aluminiamu ya silinda yenyewe. Tabaka likiwa limebanduka, basi, hiyo silinda imekwisha.

Ikisafika, naipenda silinda hiyo ya kiwandani kuliko mpya ya bei rahisi. Nyingi za bei rahisi nilizoshika zilikuwa na kingo kali kwenye matundu, na ringi, ile pete inayoizunguka pistoni, ikinasa kwenye ukingo huo huvunjika. Ukilazimika kuinunua, pitisha kidole ndani kabla ya kufunga.

Pistoni si lazima iwe ya mtengenezaji wa chenso. Nimefunga za Meteor na ringi za Caber, zote za Italia, bila wasiwasi. Ringi naiingiza kwanza peke yake kwenye silinda, naisawazisha kwa kichwa cha pistoni, napima mwanya wa ncha zake nikilinganisha na kitabu cha mashine. Klipu zinazoshikilia pini ya pistoni sirudishi za zamani hata zikionekana nzuri, na zile nyembamba zinazokuja na seti rahisi siziamini. Klipu moja ikichomoka, silinda inaharibika kwa sekunde chache. Mshale juu ya pistoni uelekee ekzosi.

Beringi za krenki zinapatikana hata kwenye duka la beringi za kawaida, ila soma maandishi yake: nyingi huhitaji alama ya C3, yaani zenye nafasi zaidi ndani kwa ajili ya joto.

Kabla ya kuwasha, naziba ekzosi na mlango wa kabureta, napiga upepo ndani ya injini hadi baa 0.5, kisha nautazama mshale wa geji. Halafu narudia kwa kuvuta hewa, kwa sababu kuna sili inayozuia upepo kutoka lakini ikavujisha unapouvuta. Mshale ukishuka, napaka maji ya sabuni kila kiungo mpaka nione povu linapochipuka, na chenso haiwashwi siku hiyo.