Muuguzi Anapougua Ugenini: Niliyojifunza kwa Homa ya Dengue Kati ya Tanga na Pemba ya Msumbiji

Mwezi Mei mwaka 2019 niliondoka Tanga kwenda Pemba, mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, kujitolea kama muuguzi katika kambi ya wagonjwa wa kipindupindu. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimeipiga pwani ile tarehe 25 Aprili, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuuharibu mji wa Beira, na mwanzoni mwa Mei kipindupindu kilikuwa kimekwisha kutangazwa. Nilikwenda kuuguza, na siku ya tatu nikawa mtu wa kuuguzwa. Ninayaandika haya kwa ajili ya wauguzi wenzangu wanaojiandaa kwenda kujitolea nje ya nchi, kwa sababu karibu kila kosa nililolifanya nililifanya kwa kujiamini kwamba mimi ni muuguzi.

Nianze na maandalizi, kwa kuwa kosa la kwanza lilitokea kabla sijapanda basi. Nilikuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, chandarua, dawa ya kupaka dhidi ya mbu, na dozi kamili ya mseto, dawa ya malaria, niliyoiweka kwenye mkoba. Nilisoma kila nilichoweza kukipata kuhusu magonjwa ya kule niendako. Sikujiuliza hata mara moja juu ya magonjwa ya kule nitokako, na wakati huo huo dengue ilikuwa imeenea nchini, mikoa iliyoathirika zaidi ikiwa Dar es Salaam na Tanga. Nyumbani kwetu Ngamiani, kama kwa majirani wengi, maji huhifadhiwa kwenye mapipa, na uani hapakosi vifuu vya nazi na tairi kuukuu. Humo ndimo anamozaliana mbu aenezaye virusi vya dengue, aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Kazini nilikuwa nimewahudumia watu wenye homa kali ambao kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Niliyaona hayo yote, lakini sikuyahusisha na mwili wangu mwenyewe.

Homa ilinianza alfajiri, ikiambatana na maumivu makali nyuma ya macho na viungo vilivyouma kana kwamba vimepondwapondwa. Mtoto wa Tanga hukua na malaria, na mtu mzima wa kwetu huamini kwamba anaitambua inapopiga hodi. Kwa hiyo sikupima. Nilimeza vidonge vinne vya mseto, nikamwomba mwenzangu tuliyelala chumba kimoja anichome sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, ili niweze kwenda zamu, naye hakukataa, kwa sababu nilimweleza kwa lugha ya kitaalamu na kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya. Kesho yake nikachomwa tena. Wahenga walisema mganga hajigangi, nami nilikuwa nimeisikia methali hiyo tangu utotoni bila kuielewa: ujuzi wa mganga haupungui anapougua, ila hapati mtu wa kumpinga.

Naomba msomaji anivumilie hapa, kwa maana hili ndilo jambo lililokaribia kuniua. Dengue hupunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huzidhoofisha zaidi na huweza kuchubua tumbo, hivyo mgonjwa wa dengue anayetumia dawa hizo huongezewa hatari ya kuvuja damu. Dawa ya homa na maumivu iliyo salama zaidi kwake ni parasetamoli, kwa kipimo chake cha kawaida bila kuzidisha. Ikiwa una homa ambayo sababu yake haijathibitishwa, na umetoka au umo mahali penye dengue, usichomwe wala usimeze kitu kingine cha maumivu mpaka upimwe. Maneno hayo nilikuwa nikiwaambia wagonjwa wangu nyumbani.

Siku ya nne ya ugonjwa homa ilishuka. Nilifurahi, nikaoga, nikapiga mswaki, nikaona damu kwenye fizi na kusema moyoni kwamba mswaki ni mgumu. Nikavaa sare nikaenda zamu. Katika magonjwa mengi tunayoyauguza, homa kushuka ni habari njema. Katika dengue, saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za hatari, kwa kuwa ndipo mishipa midogo ya damu inapoweza kuanza kuvujisha maji yake kuelekea tumboni na kifuani, damu ikabaki nzito na shinikizo lake likaporomoka. Dalili zake ni maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, kutoka damu kwenye fizi au puani, na uchovu au wasiwasi usio wa kawaida. Kufikia adhuhuri nilikuwa nazo tatu, na bado nilikuwa nikimtundikia mwingine dripu.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja mtu mzima wa pale pale Pemba. Alikizungumza Kiswahili vizuri kwa sababu alikulia kambi ya Rutamba, Lindi, wakati wa vita vya ukombozi vya nchi yake. Alinitazama nikiwa nimeegemea nguzo ya hema, akanishika mkono ulioanza kupoa, akauliza, "Mwanangu, umekuja lini hapa?" Nikamwambia huu ni usiku wa saba. "Na huko kwenu kuna maradhi gani sasa hivi?" Nikanyamaza, kwa sababu jibu lilinijia lote kwa mkupuo. Mwaka 2014 dengue ilikuwa imeukumba mji wa Pemba, naye alikuwa miongoni mwa waliowahudumia wagonjwa. Akanivua kitambulisho cha kazi shingoni, kwa upole lakini bila kuniomba ruhusa, akasema, "Leo wewe ni mgonjwa. Nitayajibu mimi maswali ya daktari; wewe jibu nitakayokuuliza mimi."

Nilipimwa malaria mara mbili na kipimo hakikuonyesha kitu. Nikapelekwa hospitali mjini, ambako damu ilithibitisha dengue. Nilikaa siku tano. Dengue haina dawa ya kuua virusi vyake. Tiba ni maji kwa kiasi kinachopimwa kwa uangalifu, kwa sababu yakipungua mgonjwa huzimia na yakizidi hujaa kifuani. Walinipima damu asubuhi na jioni, walihesabu mkojo wangu, na yule mama akaja kila alipomaliza zamu kuhakikisha ninakunywa.

Nilipopata nafuu nilihesabu siku. Tangu kuumwa na mbu hadi homa kuanza, dengue huchukua siku 4 hadi 10, nami niliugua siku ya tatu tangu kufika. Sikuipata kwa wenyeji wangu. Niliibeba kutoka nyumbani. Jambo hilo liliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa dengue huweza kumwambukiza mbu anayemuuma katika siku zote za homa, na hata kabla kidogo, kisha mbu huyo akawaambukiza wengine. Mimi nilikuwa nimelala mchana kutwa bila chandarua, katika mji uliojaa watu waliobomolewa nyumba na madimbwi kila kona, nikidhani chandarua ni cha usiku. Ukiwa na homa ugenini, lala ndani ya chandarua mchana pia, angalau mpaka siku mbili baada ya homa kuisha, na uwaeleze wenzako sababu yake. Hatukwendi kusaidia watu ili tuwaongezee mzigo.

Kwa sababu hiyo ninashauri kwamba siku ya kwanza kazini umweleze msimamizi wako umetoka wapi, tarehe gani, na huko kuna mlipuko gani. Shirika lililonipeleka halikuniuliza, na nadhani lilipaswa kuuliza. Lakini asipokuuliza mtu, sema mwenyewe. Pima joto lako asubuhi na jioni kwa siku kumi za mwanzo. Ni kazi ya dakika mbili.

Halafu chagua mtu wa kukuuguza kabla hujaugua. Awe mwenyeji ikiwezekana, kwa maana mwenyeji anajua hospitali ipi ina kipimo gani, na kule Msumbiji anajua Kireno ambacho mimi sikukijua. Mkabidhi namba ya simu ya nyumbani, kundi lako la damu, orodha ya dawa zinazokudhuru, na karatasi ya bima. Karatasi hiyo isomeni pamoja mstari kwa mstari: inalipa matibabu ya pale pale, au inalipa kusafirishwa tu? Ni nani mwenye mamlaka ya kuamua urudishwe nyumbani? Yangu niliisoma kwa mara ya kwanza nikiwa kitandani, macho yakiniuma. Mpe mtu huyo pia dawa zako zote. Mseto wangu na sindano zangu zingekuwa mikononi mwa yule mama tangu siku ya kwanza, nisingejitibu.

Kuna jambo moja ambalo wauguzi hatulisemi kwa wepesi. Nililia hospitalini, si kwa maumivu bali kwa aibu, kwa kuwa nililalia kitanda ambacho nilidhani ni haki ya mwingine. Aibu hiyo hiyo ndiyo iliyonipeleka zamu nikivuja damu fizi. Ikikujia, mwambie mtu. Nyumbani Mama hakunilaumu. Aliniwekea madafu na uji, akanizuia kurudi kazini kwa wiki tano, na alikuwa sahihi, kwa sababu uchovu wa dengue hukaa muda mrefu baada ya vipimo kuwa safi.

Dengue ina aina nne, na kuugua moja hakukukingi na nyingine. Kinyume chake, maambukizi ya pili kwa aina tofauti huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa makali. Kwa hiyo ndani ya pasipoti yangu sasa kuna kikaratasi chenye tarehe niliyougua, matokeo ya vipimo, na sentensi moja kwa Kiswahili, Kiingereza na Kireno inayosema nisipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini nikiwa na homa isiyojulikana. Nimesafiri tena kikazi mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili nilikitoa kikaratasi hicho kwa mwenyeji wangu tulipokuwa bado tunasalimiana.